Mfereji wa Chumba cha Mwisho

Siku ya tatu ya matanga ya Baba Nassoro nilikuwa nimesimama jikoni kwake pamoja na wanawake wanne nisiowajua vizuri, tukiosha masinia ya pilau. Mmoja wao, mwanamke wa makamo aliyetoka Waa, alifungua mfereji wenye alama nyekundu, kisha akaurudisha mkono wake haraka. "Mashaallah," alisema, akijipuliza vidole. "Nyumba hii maji ya moto hayangojwi." Wenzake walicheka kidogo, kicheko cha msibani, na mmoja akasema ndivyo marehemu alivyokuwa, akishika kitu kinatengenezeka. Mimi niliweka kitambaa chini nikatoka uani. Mvuke ule ulikuwa na harufu yake, harufu ya chuma na mpira uliopata joto, na ulikuwa umeshaniingia puani kabla sijajiandaa. Nilisimama karibu na ukuta, nikifuta uso kwa leso. Watu walidhani ninamlilia, na huenda ilikuwa kweli. Alikuwa baba yangu wa kambo kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na katika muda huo hakunipiga hata kofi, hakunilaza na njaa, wala hakuniinulia sauti.

Kabla ya nyumba ile sikujua kwamba maji ya moto yanaweza kutoka ukutani. Wa rika langu waliokulia Msambweni watanielewa. Tulioga maji ya kisima vile yalivyo, na maji yaliyobandikwa motoni yalikuwa ya mgonjwa, ya mzazi, au ya mzee wakati wa baridi ya kusi. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka sita, mama akarudi kwa mamake. Bibi alikuwa mkandaji, yule anayeitwa majumbani kuwakanda waliojifungua kwa maji ya moto siku zao arobaini. Mama alikuwa akipika mahamri na kuyauza mlangoni asubuhi, na alikuwa mtu wa mazungumzo. Alizungumza na wateja, na watoto wa wateja, na mbuzi wa jirani aliyekuja kunusa unga. Nikiwa kitandani nilijua kumekucha kwa sababu nilisikia sauti yake.

Baba Nassoro alikuwa msimamizi wa mitambo katika hoteli moja ya Diani: pampu, boila, mashine za kufulia. Alikuja Msambweni kwa mazishi ya ndugu yake, akanunua mahamri manne, na juma lililofuata akarudi kununua mengine ambayo sidhani aliyahitaji. Alileta posa kwa njia zake zote, na wazee, na mahari yaliyomfanya Bibi aombe dakika akae. Alikuwa na miaka hamsini hivi, shati limepigwa pasi, kucha safi ingawa kazi yake ilikuwa ya grisi. Mimi alinipa mkono kama mtu mzima. "Utakuwa na chumba chako," aliniambia, "na choo chako, na mifereji miwili, ya baridi na ya moto."

Nyumba ilikuwa upande wa bara wa barabara ya Diani, mbali na hoteli, ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe uliopita kichwa cha mtu mzima. Ploti ilikuwa nyembamba na ndefu kama jamvi la msikitini, na vyumba vimepangwa kimoja baada ya kingine kando ya ukumbi mwembamba: lango, jikoni, chumba chake na mama, sebule, vyumba viwili vitupu, kisha chumba changu mwisho kabisa. Juu ya paa la jikoni kulikuwa na sola na tangi la maji ya moto. Siku ya kwanza alitupitisha chumba hadi chumba akifungua mifereji. "Hapa hakuna mtu atakayebandika sufuria kwa ajili ya kuoga," alisema. "Kila kitu kimo ndani." Mama alicheka kwa furaha, akatia vidole kwenye maji. Nilimwona, na ninasema kweli, alikuwa na furaha.

Kila asubuhi Baba Nassoro alinipakia nyuma ya pikipiki yake kunipeleka shule, na kabla hatujaondoka alifunga lango kwa nje. Kufuli lilikuwa kubwa, la shaba, analipaka mafuta kila Jumapili. Alisema Diani ina wezi. Jioni alinipitia shuleni, tukarudi, akafungua. Katikati ya saa hizo mama alikuwa ndani. Simu yake iliharibika mwezi wa pili, Baba Nassoro akaichukua kuipeleka kwa fundi, na fundi huyo kila tulipouliza alikuwa bado hajapata kifaa chake. Vitu vya sokoni alivinunua yeye, vizuri na kwa wingi. Mama alipoomba kwenda kumwona Bibi alimjibu kwa upole, "Subiri kusi ipungue," au "Subiri nipate likizo, tutakwenda sote." Mimi niliamini. Niliamini hata wezi, na nikawa naangalia ukuta nikiwa uani, nikingoja nione vidole vyao.

Jioni, akiwa sebuleni na redio yake, alisikia kila kitu. Nyumba zile za vyumba vya mstari hupitisha sauti kama bomba. Mama akinisimulia jambo kwa sauti ya kawaida, yeye aliuliza kutoka kule, "Mwazungumza nini?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kushiriki, na mazungumzo yakafa papo hapo, kwa kuwa ukimweleza mtu jambo dogo ulilokuwa ukimwambia mwenzio, linakuwa si kitu. Mama akaanza kunyamaza. Sikuliona jambo hilo likitokea. Niliona tu kwamba nyumba ilikuwa kimya, nikadhani ndivyo nyumba kubwa zilivyo.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuzungumza. Choo changu kilikuwa mbali mno na tangi, na maji yaliyolala ndani ya lile bomba refu yalikuwa yamepoa, hivyo ukifungua mfereji mwekundu ulipata maji baridi kwanza, mengi, mpaka yale ya moto yafike kutoka jikoni. Mimi niliamini maji yalikuwa yakisimama kila chumba kuomba ruhusa ya kupita. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuoga mwenyewe, lakini mama alikuja kuniogesha kila jioni. Aliweka ndoo ya plastiki chini ya mfereji na kuufungua wote, maji yakapiga ndoo kwa kishindo, akaketi juu ya ndoo nyingine iliyofunikwa. Na hapo alizungumza. Alizungumza haraka, kama mtu anayekula daku huku adhana ikikaribia. Nilipima muda ule kwa majedwali ya kuzidisha: la sita, la saba, la nane, na nikifika katikati ya la tisa mvuke ulianza kupanda, mama akafunga mdomo na kuchukua sabuni.

Ni pale aliponieleza habari za Nassoro, mtoto wa mke wa zamani wa Baba Nassoro. Mimi nilidhani amekufa, kwa sababu jina lake lilikuwa katika jina la babake lakini hakuna aliyemtaja. "Yu hai," mama alisema. "Mamake aliomba ruhusa kwenda arusini Tanga, Baba Nassoro akampa ruhusa, akampa na nauli. Akaenda na mtoto. Hawakurudi." Akatazama ndoo ikijaa. "Sasa sisi twalipa safari ile." Nilimwambia labda tukimwahidi kwamba sisi tutarudi. Mama alinishika kidevu, na maji yakawa yamefika.

Ndugu yangu Salimu alizaliwa wakati wa mvua za masika. Bibi alikuja kumkanda mama, na kwa siku arobaini nyumba ile ilikuwa na watu. Mama na mtoto walihamia chumba changu, Bibi akalala kwenye mkeka. Baba Nassoro alimwamkia Bibi kila alfajiri, "Shikamoo mama," akamnunulia samaki aina ya changu na kanga mbili. Bibi alilalamika kwamba maji ya mfereji yanachelewa na yakifika hayana ukali wa kukandia, akaendelea kubandika sufuria yake. Siku ya pili au ya tatu alitaka kutoka kununua majani ya mrehani ya kukandia. Alikwenda langoni, akarudi, akaketi.

"Mwanangu," alimwambia mama, "mbona kufuli liko nje?"

"Ni wezi, mama."

Bibi alimtazama usoni. Kisha akaendelea kumfunga mtoto nguo.

Niliambiwa kwamba mzazi hatoki mpaka arobaini zimalizike, na siku hiyo tutakwenda sote Msambweni kumwonyesha mtoto kwa jamaa. Basi nikapata jibu la kila kitu. Nilifikiri mama alikuwa amefungiwa kwa sababu ya arobaini, hata miezi yote ile ya nyuma, na kwamba watu wazima walikuwa wakihesabu kitu ambacho mimi sikuelezwa. Nilichora mistari nyuma ya daftari la hesabu. Siku ya arobaini nilivaa gauni la Idi nikaketi kibarazani na viatu. Baba Nassoro alitoka, akamkabidhi Bibi mkoba wake na nauli.

"Mtoto bado mchanga, mama," alisema. "Na njia ina vumbi. Tutawaleta, inshallah."

Bibi alisema mambo mengi, kwa adabu kwanza, kisha kwa adabu kidogo. Mwisho alimbusu mama, akapita langoni, Baba Nassoro nyuma yake, na nikasikia kufuli likiingia. Nilikwenda chumbani nikaanza mistari upya kwenye ukurasa mwingine, nikidhani arobaini za pili zimeanza.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Bibi hakukaa kimya. Alikwenda kwa wazee wa ukoo, wakamwuliza kama mwanawe anapigwa. Hapigwi. Analala njaa? Halali. Mmoja wao aliwahi kuingia nyumba ile siku ya arusi, akawaambia wenzake kwamba kule hata choo cha mtoto kina maji ya moto. Wakamwambia Bibi amwache mwanawe atulie kwa mumewe. Mjomba alipokuja peke yake, alipokelewa nje ya lango, akapewa soda, akaambiwa mama na mtoto wamelala.

Ndipo mama alipoanza kunifundisha namba. Ilikuwa namba ya simu ya Bibi, na kuiandika ilikuwa hatari kwa sababu Baba Nassoro alikuwa akikagua daftari zangu, kwa nia njema kabisa, akinisahihishia hesabu. Basi jioni moja tarakimu moja, huku maji yakipiga ndoo. Nizikariri, na nikizijua zote nimwombe mwalimu wangu ampigie Bibi na kumwambia mama yuko tayari, aje na watu wenye sauti. Sikuelewa "tayari" kwa nini. Nilipenda tu kuwa na siri. Tulikuwa tumefika tarakimu ya saba.

Jioni ile tulikuwa mezani, mama anamnyonyesha Salimu. Baba Nassoro alikuwa na furaha, amepandishwa daraja kazini, na akatuuliza kama bwana anayetaka kuwatunza watu wake: "Haya. Kuna kitu gani katika nyumba hii kinawasumbua? Semeni."

Mama alisema hakuna. Mimi nilikuwa mtoto mwenye bidii, na kuna jambo nililolijua kwa hesabu. "Maji ya moto yanachelewa kule mwisho," nilisema. "Nahesabu jedwali la sita mpaka la tisa, ndiyo yaje."

Aliweka kijiko chini. Nilimwona anaona haya, haya ya fundi aliyeambiwa kazi yake ina dosari. "Mpaka la tisa?"

"Katikati ya la tisa."

"Na wakati wote huo mwafanya nini?"

"Twazungumza," nilisema.

Mama hakuinua uso. Baba Nassoro alitikisa kichwa polepole, akachukua kijiko, akasema, "Nitalitengeneza."

Jumamosi alikuja na fundi wa mabomba aliyewahi kufanya naye kazi hotelini, Kioko, kijana wa bara mwenye mwili mkubwa aliyeishi Ukunda. Walifanya kazi siku mbili. Baba Nassoro hakutoka, na lango lilikuwa limefungwa kufuli kwa ndani siku zote mbili, Kioko akiwa ndani. Waliongeza bomba la pili kutoka choo changu kurudi mpaka jikoni, na karibu na tangi wakafunga pampu ndogo isiyozidi ngumi mbili. Baba Nassoro alinieleza kwa subira nyingi. Hapo mwanzo, alisema, maji ya moto yalikuwa yakifika chumbani kwangu na kukwama, yanapoa, yanasubiri. Sasa yatazunguka mchana na usiku, yaende na kurudi, yasikae. "Ukifungua tu, yamo." Chini ya sinki langu Kioko alifunga valvu ya gurudumu ambapo bomba la kurudi lilianzia, akanionyesha. "Hii ukifunga, maji haitarudi," alisema. "Itakaa tu kama kitambo. Usiguse, sawa?"

Nilijivuna. Nilikuwa nimesema neno mezani na nyumba nzima imebadilika. Nilikimbia kumwita mama aje afungue mfereji wa kwanza. Alifungua, na mvuke ukampanda usoni pale pale. Baba Nassoro alikuwa mlangoni, mikono nyuma, akingoja.

"Ahsante, Baba Nassoro," mama alisema.

Sikumwelewa uso wake. Nilidhani hana shukrani, na nikamkasirikia kwa ajili ya baba.

Jioni ile nilipochukua taulo, Baba Nassoro aliniambia kwamba mtu wa darasa la tatu anaoga mwenyewe. "Maji yako tayari. Mamako ana mtoto mchanga." Walikuwa wamerudi chumba cha mbele, mama na Salimu, kwa kuwa arobaini zilikuwa zimekwisha. Nikaoga peke yangu, pampu ikilia mahali fulani ndani ya ukuta, sauti ndogo kama ya inzi aliyenaswa kwenye pazia. Jioni ya pili mama alijaribu kunifuata, na kutoka sebuleni ikaja sauti.

"Yamefika?"

"Yamefika," mama alijibu.

"Basi mwache aoge."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, jioni baada ya jioni. Nadhani zilipita wiki tano au sita. Mama aliponipa chakula mkono wake ulikawia kidogo begani mwangu, basi. Nilizirudia zile tarakimu saba kitandani, nikajaribu kubahatisha tatu zilizobaki. Siku moja niliamka nikagundua kwamba sijasikia sauti ya mama tangu jana yake mchana, na ikanijia kwamba ni mimi niliyefanya hivyo.

Nikafunga valvu. Nilitumia mikono yote miwili, ikazunguka mara nyingi kuliko nilivyotarajia, mpaka ikagoma. Kisha nikafungua mfereji na kuita, "Maji ya moto hayaji." Nilitarajia mama. Alikuja Baba Nassoro. Alisimama akitega kidole chini ya maji baridi, sikio kwenye ukuta, na akabaki pale mpaka yakapata moto. Siku iliyofuata aliingia chumbani kwangu na spana mara tu tuliporudi kutoka shule. Alikwenda jikoni akafungua pampu, akaisafisha, akaifunga, akarudi. Alichungulia hata chini ya sinki, lakini valvu ya gurudumu ina tabia hii: imefungwa au imefunguliwa, sura yake ni ile ile, na hakufikiri kwamba mtu wa nyumba yake angeigusa. Sasa alikuwa chumbani kwangu jioni nzima, amepiga magoti, anahema, na mama hakuweza hata kupita ukumbini. Nilikuwa nimejaribu kufungua mlango na nimeufunga zaidi. Niliogopa kusema, nikaogopa kuifungua tena, asije akaniona.

Siku ya tatu alimwita Kioko. Kioko alilala chali chini ya sinki, akaweka mkono kwenye valvu, akaizungusha kidogo. Akaacha kuizungusha. Nilikuwa nimeketi kitandani, mlango wa choo wazi. Alinitazama, kisha akapaza sauti: "Boss, nenda kwa pampu. Nikisema washa, unawasha, nikisema zima, unazima." Nyayo za Baba Nassoro zikapita ukumbini, chumba baada ya chumba, mpaka jikoni.

"Nani alifunga hii?" Kioko aliuliza chini chini.

"Mimi."

"Kwa nini sasa?"

Nilitafuta namna ya kueleza. "Ili mama aje," nilisema.

Kioko aligeuza uso kuelekea jikoni. Akapaza sauti, "Washa." Kisha kwangu, polepole: "Hata mimi nilifungiwa hapa siku mbili. Nikasema labda ni kawaida ya watu wa pwani." Aliinua uso. Mama alikuwa amesimama mlangoni na Salimu begani, sijui tangu lini. Hawakusalimiana.

Mimi nikaanza kusema namba. Hakuna aliyeniambia. Niliisema kama jedwali, tarakimu saba moja baada ya nyingine, na baada ya ya saba nikakwama, midomo yangu ikabaki wazi. Mama akasema tatu zilizobaki. "Ni ya mamangu," aliongeza. "Yuko Msambweni."

"Zima," Kioko alipaza sauti. Alikuwa akiandika namba kwa penseli ya seremala kwenye kiganja chake. Kisha akairudisha ile valvu, akaifunga kabisa, akatoka kumwambia Baba Nassoro kwamba bomba la kurudi limeziba, lazima abadilishe kipande kirefu, atakuja Jumamosi asubuhi.

Jumamosi alikuja na mabomba ya mita sita juu ya mkokoteni. Mabomba marefu hivyo hayapiti lango la upande mmoja, hivyo Baba Nassoro alifungua pande zote mbili, na akabaki pale akiangalia. Kioko alifanya kazi muda mrefu, taratibu, mabomba mengine bado yakilizuia lango lisifungwe, mpaka nikaanza kufikiri amesahau ile namba. Kisha akasema hewa imeingia kwenye bomba na lazima mtu apande paani afungue tangi, akaongeza kwamba yeye na uzito wake ataivunja ile sola. Hilo lilikuwa kweli. Baba Nassoro alikunja mikono ya shati, akapanda ngazi. Alikuwa mwepesi kwa umri wake.

Kioko aliishika ngazi mpaka mguu wa Baba Nassoro ulipokanyaga paa. Halafu akaiondoa, akailaza chini sambamba na ukuta. Akainua ncha ya bomba moja na kuanza kuliingiza uani, mgongo wake kwetu.

Mama alitoka jikoni. Alikuwa amevaa buibui, amemfunga Salimu kifuani kwa kanga, mkono mmoja mtupu. Akanipa mkono huo. Hatukukimbia. Kutoka mlango wa jikoni mpaka langoni ni hatua kumi na mbili, nimezipima tena juzi kwenye matanga, na zilikuwa nyingi.

"Fundi," sauti ya Baba Nassoro ilitoka juu, bado ya kawaida. "Ngazi."

"Ngoja kidogo boss, nipitishe hii paipu."

Kisha akatuona. Nilijua ametuona kwa sababu kulikuwa na kimya, na katika kimya hicho nikasikia pampu. Hakupiga kelele. Majirani wangesikia, na yeye hakuwa mtu wa kusikiwa na majirani. Alisema tu, "Mama Salimu." Akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi, kana kwamba bado tuko naye mezani, "Mama Salimu, mtoto atapata vumbi." Niligeuka nikamwona amepiga magoti ukingoni mwa paa, mikono yake imelowa, akitafuta kwa mguu mahali pa kushukia ambapo hapakuwapo. Mama hakugeuka. Mjomba alikuwa ameegesha gari la kuazima kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, na Bibi alikuwa ndani, mlango ameshaufungua.

Siku ya nne Baba Nassoro alikuja Msambweni na wazee wawili. Bibi aliwapa kahawa. Mzee mmoja alianza kutaja yote ambayo mama alikuwa nayo katika nyumba ile, na alipofika kwenye mifereji Baba Nassoro mwenyewe alimwashiria anyamaze. Alimwuliza mama, "Nilikukosea nini?"

"Nilikuomba mara tisa nije kumwona mamangu," mama alisema. "Kila mara ulinijibu vizuri."

Alingoja aendelee. Mama alimpangusa Salimu mdomo. Baba Nassoro alimtazama Salimu, akaomba kumshika, akashikishwa, akamrudisha. Wakati wa kuondoka alisimama mbele yangu. "Ile valvu," aliniuliza. "Ni wewe?"

Nilisema ni mimi.

"Niliitafuta siku mbili," alisema, akavaa viatu vyake.

Talaka ilikuja miezi miwili baadaye, na matumizi ya Salimu hayakuchelewa hata mwezi mmoja. Kioko hakuitwa tena kufanya kazi katika hoteli ile, wala nyingine jirani nayo, na ilimchukua muda mrefu kusimama tena. Mama alirudi kwenye mahamri yake. Mazungumzo hayakurudi mara moja. Kwa muda aliwajibu wateja kwa neno moja moja, na akisikia mtu anauliza swali kutoka chumba kingine alinyanyuka ghafla.

Salimu alipotimiza miaka saba alianza kwenda kwa babake mwisho wa wiki. Mara ya kwanza aliporudi tulikuwa jikoni, mama anakanda unga, na akamwuliza bila kuinua macho kama lango lilikuwa limefungwa kwa nje.

Salimu hakuelewa swali. "Lango halina kufuli," alisema. "Liko wazi tu. Watoto wa jirani waingia kucheza, na mama zao waja kuchota maji ya moto. Baba asema ni mengi, hayaishi."

Mama alisimamisha mikono. Nilimtazama nikidhani atafurahi, kwa ajili ya Salimu.

"Kumbe aliweza," alisema.

Aliendelea kukanda. Alikanda muda mrefu kupita kiasi, hakuzungumza na yeyote, na mahamri ya siku ile hayakuumuka.